Furushi la Nyanya na Sanduku la Magurudumu

Sanduku lililonifundisha kusafiri lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, lenye magurudumu manne na mpini wa kuvuta, na nililinunua Mombasa kwa fedha za mchezo wa kuchangiana tuliokuwa tukicheza walimu wa shule yetu, zamu yangu ilipofika. Muuzaji alilisukuma kwa kidole kimoja juu ya sakafu ya duka, likateleza hadi ukutani bila kutoa sauti, nami nikaona kwamba taabu zangu za safari zimekwisha. Sikujiuliza, mimi niliyezaliwa na kulelewa Lamu, ni wapi katika mji wetu nitakapoipata sakafu kama ile. Vichochoro vyetu, hivyo hivyo vilivyochangia Mji wa Kale kuingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, vina mawe, mchanga, mifereji ya maji machafu, ngazi za ghafla na mavi ya punda, na baadhi yake ni vyembamba hata punda mwenye shehena akija, mtu hujibana ukutani ampishe. Gurudumu la kwanza lilivunjika siku ile ile niliyolifikisha nyumbani.

Hata hivyo nililipenda, na kwa kuwa lilikuwa kubwa, nililijaza. Mwezi wa Desemba 2011, shule zilipofungwa, tuliazimia kwenda Nairobi, mimi, mume wangu na watoto wetu watatu, tukae wiki mbili kwa wifi yangu. Nilianza kufunga mizigo siku nne kabla ya safari. Ndani ya sanduku lile nilitia magauni yangu tisa, mabuibui matatu, jozi nne za viatu, taulo tano kwa sababu watu walikuwa watano, shuka mbili za tahadhari, pasi ya umeme, pakiti mbili za sabuni ya unga, na sufuria ndogo ya kuchemshia maziwa ya mtoto wetu wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa ameshayaacha maziwa miezi mingi. Nikiikumbuka pasi ile hucheka peke yangu. Nilikuwa nikienda kulala katika nyumba ya mwanamke anayefanya kazi ofisini, anayevaa nguo zilizonyooka kila siku ya Mungu, nami nikambebea pasi.

Mabasi hayafiki kisiwani kwetu. Huanzia Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa hiyo msafiri wa Lamu huanza safari yake ndani ya boti kabla hajaliona basi. Siku ile tulitoka saa nne asubuhi ili tuwahi basi la Mombasa, tulale huko kwa jamaa, kisha tuendelee. Hamali alilibeba sanduku begani tangu mlangoni petu Mkomani, kwa kuwa magurudumu matatu yaliyobaki hayakuwa na kazi yoyote, na mara mbili alilitua ili avute pumzi. Ulikuwa wakati wa bamvua na maji yalikuwa yamekupwa sana, boti imekaa chini kabisa, mwisho wa zile ngazi za gati ambazo bahari huzifunika kila maji yakijaa na kuziacha zimeota mwani. Hamali akaweka mguu juu ya mwani, mguu ukateleza. Baina ya kujiokoa yeye na kuliokoa sanduku langu, alichagua kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angechagua. Sanduku liligonga ukingo wa boti, zipu ikapasuka kutoka pembe hadi pembe, na nusu ya mali yangu ikaingia baharini mbele ya abiria wote.

Pasi ilizama moja kwa moja. Vilivyoelea ni vile vyepesi, na vilivyokuwa vyepesi kuliko vyote ni zile nguo ambazo mwanamke wa kwetu akizifua huzianika chini ya leso, jirani asizione. Nahodha, Mungu amlipe, aligeuza uso upande wa kisiwa cha Manda kama mtu anayetazama mawingu, huku akizivuta moja moja kwa ncha ya upondo.

Hamali alikuwa amekaa juu ya ngazi akilishika goti lililochubuka. Hakunilaumu. Alisema tu, kwa Kiamu chetu, "Mwalimu, umetukua nyumba nzima?" Na mzee mmoja aliyekuwa amejikalia ndani ya boti akiwa na mfuko mmoja wa kitambaa mapajani akaongeza, bila ya ubaya, "Mwanangu, mwenda kutembea au mwahama?" Nilimlipa hamali mara mbili ya tulivyopatana pamoja na fedha za dawa, lakini goti lile lilinikaa moyoni kuliko pasi na viatu vilivyozama. Mpaka siku hiyo nilikuwa nikiuhesabu mzigo mzito kuwa shida yangu mwenyewe. Sikuwahi kufikiri kwamba kila kitu ninachokitia kwa sababu ya "huenda nikakihitaji" kuna mtu mwingine atakayekichukua begani, akishuka nacho ngazi zenye utelezi.

Nilifika Nairobi nikiwa na magauni matatu ya kuvalika. Mengine yalikuwa yamekakamaa kwa chumvi au yamechujiana rangi. Wiki mbili nzima nilizunguka na hayo matatu, nikiyafua kwa zamu, na wifi yangu, ambaye jicho lake halipitwi na kitu, alikuja kuniuliza siku ya mwisho kama nina nguo chafu ambazo nimeona haya kumtolea, kwa maana hajaona nikifua nyingi. Hakuwa amegundua kwamba zilikuwa tatu tu.

Katika wiki zile nilimkumbuka sana nyanya yangu mzaa mama. Alikuwa mtu wa Faza, kisiwani Pate, na alikuwa akija kwetu kila mwaka wakati wa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, msikiti aliouasisi Habib Swaleh, na safari nyingine yoyote ambayo hamu ya wajukuu ilimzidi. Mashua zitokazo Faza hupita Mkanda, mlango mwembamba baina ya Manda na bara, ambao maji yakikupwa chombo hakipiti, kwa hiyo abiria huondoka kwa saa ya bahari wala si kwa saa ya mkononi, na pengine husubiri njiani mpaka maji yarudi. Mtu anayesafiri hivyo hawezi kubeba asichoweza kukipitisha majini kichwani mwake mwenyewe. Nyanya alikuja na furushi. Lilikuwa ni leso moja iliyofungwa pembe kwa pembe, na ndani yake mlikuwa na leso ya pili, gauni moja, tasbihi, mswaki wa mti, kipande cha sabuni na kijaluba chake cha tambuu. Akishafika, furushi lenyewe hutoweka, kwani leso iliyokuwa mfuko hufunguliwa ikawa nguo tena.

Nilipokuwa msichana nilikuwa nikimwonea haya. Wenzangu walikuwa na mabibi waliokuja na mabegi kutoka Mombasa, na wangu alishuka gatini na furushi kama mtu aliyekimbia moto. Sikujua nikitazamacho. Leso huuzwa mbili mbili, na mwenye jozi moja ana ushungi, shuka ya kujifunika, taulo, kitu cha kuswalia, pazia la kubadilishia nguo, mbeleko ya mtoto, na kamba ikibidi. Vitu saba alikuwa amevibeba kwa uzito wa kimoja, na hakuna aliyemfundisha.

Basi nikajiuliza kwa nini mimi, mjukuu wake, nilibeba nyumba nzima. Haikuwa kwa kutojua kupanga. Mwalimu anayekaa na watoto hamsini katika chumba kimoja anajua kupanga. Nilibeba kwa kuogopa macho. Kwetu mwanamke akienda harusi ya siku nne hujiona amevunja heshima akilirudia usiku wa tatu gauni alilolivaa usiku wa kwanza, na hesabu hiyo ya harusini nikaihamishia safari zote, hata zile ambazo hakuna mtu hata mmoja atakayeniona mara mbili. Hofu ya pili ilikuwa ya kukosa. Nilijifungia sabuni, dawa ya meno, viberiti na majani ya chai kana kwamba Nairobi ni jangwa na sisi ndio tunaopeleka maendeleo. Siku hizi kanuni yangu ni moja: kitu kinachouzwa katika duka la mtaa ninaokwenda, na bei yake haizidi ujira wa hamali, hakiingii begini.

Lakini kusema kweli, nusu ya mzigo wa msafiri wa pwani si wake. Hili sijaliona likielezwa vya kutosha na wanaotoa mawaidha ya kusafiri mwepesi, labda kwa sababu wengi wao wanatoka mahali ambapo mtu akisafiri husafiri peke yake. Kwetu ukikata tikiti asubuhi, adhuhuri mtaa mzima umejua, na baada ya Alasiri hodi zinaanza. Huyu ana binti Nairobi aliyeposwa, anataka umfikishie udi. Yule ana mwana chuoni aliyesema kwamba achari ya maembe ya huko haina ladha. Wa tatu ana mjamzito aliyetamani ng'onda, samaki wa kukaushwa, na ng'onda yenyewe imefungwa kwa gazeti la juzi, harufu imekwisha kutangulia mlangoni. Huja mikate ya mofa, huja mkebe wa ladu, huja doti ya leso kwa ajili ya mzazi. Kila kimoja ni kidogo, na kila anayekileta husema maneno yale yale, kwamba hakina uzito. Safari moja nilivitenga nikavipima, nikakuta kwamba kati ya kilo 22 nilizokuwa nazo, 13 zilikuwa za watu.

Kukataa amana si jambo jepesi. Mtu hakuletei chupa ya achari tu. Anakuletea mapenzi yake kwa mwanawe, na ukikataa umemwambia kwamba mapenzi hayo ni mzigo. Lakini kukubali kila kitu nako nimekuonja. Chupa moja ilimwaga mafuta na bizari juu ya nguo nilizokuwa niende nazo kwenye mkutano wa walimu, na harufu yake ikahudhuria mkutano pamoja nami. Mara nyingine mwenye amana huambiwa afuate kitu chake kituo cha basi, asitokee, nami nikajikuta nikibadili matatu tatu kumtafuta kijana aliyekuwa amelala.

Dawa niliyoipata ilikuwa ni kikapu. Nina kikapu kidogo cha ukili, nacho siku tatu kabla ya safari nakiweka katika daka, pale mgeni anapoingilia, na kila ajaye na amana namwomba akiweke kitu chake ndani kwa mkono wake. Kikijaa kimejaa. Anayekuja mwisho hujibiwa na kikapu, hanilaumu mimi, na wengine huanza kupangana wenyewe, huyu akipunguza ladu ili yule apate mahali pa udi. Masharti mengine ni mawili. La kwanza, chenye kuvuja hakiingii. La pili, kila kilichofungwa kifunguliwe mbele yangu, kwa maana katika uwanja wa ndege mtu huulizwa kama alifunga begi lake mwenyewe, na jibu la kwamba nilipewa na jirani ninayemwamini halimtoshi askari, wala halipaswi kumtosha. Bahasha za fedha hazipo tena. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ndipo mzigo huo ulipoanza kutuondokea, nami naihesabu kuwa rehema, kwa kuwa bahasha ya mtu ndiyo amana nyepesi kuliko zote mkononi na nzito kuliko zote moyoni.

Uzito wenyewe nilikuja kuujua sokoni. Binti yetu wa kwanza alipofika siku ya mahafali yake, muda ulikuwa mfupi, tukaamua kwenda kwa ndege kutoka uwanja wa Manda, na tikiti yangu iliandikwa kilo 15. Nyumbani sikuwa na mizani ya kupimia begi. Nikamwomba kijana wa jirani alibebe lile sanduku la damu ya mzee, ambalo fundi alikuwa amelitia zipu mpya, tukaenda nalo hadi kwa wauza samaki, pale kwenye mizani ya kuning'iniza yenye ndoana. Muuza samaki alilitundika bila hata kuuliza, akasubiri mshale utulie, akasoma, "Kilo kumi na tisa na nusu. Huyu ni tewa, Mwalimu. Tumkate vipande?" Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikalifungua pale pale kando na kukitoa kila kitu, nikamwomba alipime tupu. Lilikuwa kilo nne na nusu. Karibu theluthi ya haki yangu ya ndege ilikuwa imeliwa na sanduku kabla sijatia hata kitambaa cha kujifutia jasho.

Sanduku hilo sasa limehifadhi vitabu vya watoto juu ya kabati, na ndiyo kazi linayoiweza. Ninasafiri na begi la turubai lililoshonwa kwa tanga kuukuu, kama yale yanayotengenezwa hapa Lamu, ambalo tupu halifiki kilo moja, halina gurudumu la kuvunjika, na likikosa nafasi hujikunja. Lina aibu moja tu, kwamba likinyeshewa hunywa maji, kwa hiyo ndani yake vitu vyangu vimo katika leso. Zamani kila kitu tulikitia katika mifuko ya plastiki. Tangu Kenya ilipoipiga marufuku mwezi wa Agosti 2017 nimerudi kwenye furushi la nyanya, nikavifungasha vitu kwa mafungu, nguo safi katika leso moja, chafu katika nyingine.

Mwaka 2018 Mungu alitujaalia kwenda Umra, mimi na mume wangu, na huko ndiko nilikopata somo lililonistarehesha kuliko yote. Kiongozi wa msafara wetu alituonya kwamba begi la mkononi lisizidi kilo 7, na kwamba kila kiowevu tutakachoingia nacho ndani ya ndege kiwe katika chupa isiyozidi mililita 100, sheria ambayo ilianza kuenea ulimwenguni mwaka 2006. Nilihamishia mafuta ya nazi katika chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, na ikanitosha siku kumi na mbili. Mume wangu, kama wanaume wote wanaohirimia, alivaa vitambaa viwili vyeupe visivyoshonwa, bila ya marashi. Nilimtazama katika umati ule ambamo huwezi kumtambua tajiri wala fundi, nikawaza juu ya magauni yangu tisa. Nguo za kawaida tulizifua baada ya Isha, tukazikuta zimekauka kabla ya Alfajiri, kwa kuwa hewa ya Makka ni kavu na si kama yetu ya baharini. Wenzetu walioondoka nyumbani wamejaza mpaka mwisho ndio waliopata taabu wakati wa kurudi, maana hakuna anayerudi Umra mikono mitupu. Dumu la Zamzam la lita 5 lina kilo 5 na ushee, bado tende, misala na tasbihi za majirani. Sisi tulikwenda na mabegi nusu. Nafasi tupu nayo hufungashwa. Ni kitu unachokibeba makusudi.

Nisije nikaonekana kama mtu anayeuhubiri wepesi kwa kila hali. Umeniumbua mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Nairobi tena, mwezi wa Julai. Nilikwenda na madera mawili mepesi, buibui na jozi yangu ya leso, nikijiona bingwa, nikasahau kwamba Julai ya Nairobi si Julai ya Lamu. Kwetu kusi huvuma na nguo huanikwa darini zikakauka. Kule jua halikutoka siku nne, usiku joto likishuka hadi nyuzi 12 hivi, na dera nililolifua Jumatatu nililivaa Jumatano likiwa bado na unyevu kwenye mishono. Nilijifunza hila ya kulikunja vazi bichi ndani ya taulo kavu na kulikanyaga kwa miguu, taulo ikanywa maji, hila ambayo nimeendelea kuitumia. Kikohozi hata hivyo kilinipata. Nilikwenda Gikomba nikanunua sweta la mtumba, zito, la rangi ya majani makavu, nikalivaa wiki nzima hadi kitandani, na siku ya kuondoka nikamwachia msichana wa kazi wa wifi yangu, ambaye alikuwa akilitazama tangu siku ya kwanza. Sweta lile sikulibeba kwenda wala kurudi, na bado sijui kama nilihesabu hilo kuwa kushindwa au kushinda.

Mara ya pili haikuwa na kicheko. Mwishoni mwa 2023, katika mvua za El Niño, mto Tana ulifurika na maji yakaikata barabara ya Lamu upande wa Gamba. Tulikuwa tukirudi kutoka Malindi. Mume wangu ana maradhi ya shinikizo la damu, na asubuhi ile, kwa ajili ya kuupunguza mkoba wangu wa mkononi ambao niliuona umetuna, nilizihamishia dawa zake katika begi la turubai, begi likaingia ndani ya buti ya basi, chini ya mizigo ya watu. Basi lilisimama jioni mbele ya maji, na gari nyingine zikajipanga nyuma yetu. Dawa ya jioni haikupatikana. Kondakta alikuwa na haki ya kukataa kuishusha mizigo ya basi zima gizani, juu ya tope, kwa ajili ya bahasha moja ya vidonge ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyeiweka mahali pasipofaa. Mume wangu hakusema kitu. Alilegeza shingo ya kanzu, akafumba macho, nami nikawa namhesabia pumzi mpaka kulipokucha, nisijue ni usingizi au ni kichwa kinamuuma. Asubuhi mizigo ilishushwa, akameza dawa yake, tukavushwa kwa mashua hadi ng'ambo, watu wakibeba vitu vyao juu ya vichwa. Waliokuwa na masanduku ya magurudumu waliyakumbatia kifuani kama watoto wagonjwa. Begi letu lilipita juu ya kichwa changu bila tabu, lakini sikuona fahari yoyote.

Kwa hiyo mkoba wa mkononi siupunguzi tena. Mna dawa za siku nne zaidi ya siku za safari, zikiwa katika pakiti zake zenye maandishi ya daktari. Mna vitambulisho, ambavyo katika vizuizi vya polisi vya barabara yetu msafiri hutakiwa kushuka navyo mkononi. Mna nakala zake katika mfuko mwingine. Mna miwani, maji, na leso moja. Mkoba huo haukai miguuni kwa mtu, haupandi juu, hauingii butini. Vilivyobaki vyote, vikipotea, nitasikitika tu.

Na hivyo vilivyobaki si vingi. Navitandaza juu ya kitanda usiku wa kwanza, kisha nalala, na asubuhi naondoa theluthi moja kabla sijapata muda wa kujitetea. Huwa ni madera mawili ya kitambaa chepesi, kwa sababu pamba nzito hukaa na maji, gauni moja la kutokea, buibui moja zaidi ya lile nililolivaa, nguo za ndani nne, kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa kisu na kukaushwa ili kisilowanishe vingine, na sindano yenye uzi. Nguo nazikunja kwa kuzivingirisha, zikakaa mithili ya mikate ya mofa kikapuni. Viatu ni vile vilivyo miguuni na jozi moja ya kubadilisha.

Kesho kutwa, inshallah, naondoka kwenda Unguja kwa wiki mbili, kupitia Mombasa. Begi limekwisha kupimwa, na muuza samaki amesema safari hii ni kolekole wa kawaida, kilo 7. Kikapu cha daka kilijaa jana.

Leo baada ya Magharibi alikuja shangazi yangu, ambaye amepita miaka themanini na anatembea akishika kuta za kichochoro. Alikuwa na chupa ya achari ya ndimu, mdomo wake umefungwa kwa kitambaa na uzi, ya kumpelekea mwanamke waliyesoma chuo pamoja utotoni, ambaye aliolewa Unguja na hawajaonana tangu hapo. Alikitazama kikapu, akaona kimejaa, akasimama nayo tu mkononi. Masharti anayajua, yeye ndiye aliyewahi kuyasifu mbele ya watu.

Niliipokea chupa, nikaizungushia leso mara tatu, na ili ipate mahali nikaitoa ile jozi ya pili ya viatu, nyeusi, yenye kifundo cha fedha.

"Na hivi mbona wavitoa, mwanangu?" akauliza. "Vizuri hivi."

Nikamwambia vinanibana.